JACOB RIIS: MTU ALIYEINGIA GIZANI NA MWANGA

Keti kitako nikusimulie maisha ya mtu aliyefariki zamani sana, hata kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa, lakini kazi yake bado inatugusa sisi tunaoishi katika vyumba vya kukodi. Jina lake ni Jacob Riis. Alikuwa seremala, mzururaji, mwandishi wa magazeti na mwishowe mpigapicha.

Mlezi wa klabu yetu alipotuambia kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri, wenzangu walikimbilia marais na wanariadha. Mimi nilimchagua mpigapicha na sababu ninayo. Jioni moja stima zilikuwa zimepotea mtaani kwetu. Mama alikuwa akimwogesha mdogo wangu kwenye karai, mlango ukiwa wazi ili tupate hewa. Mara chumba kizima kikawaka mweupe pee, kama radi imeingia ndani! Tulipofumbua macho tuliona migongo tu ya wageni fulani wenye kamera wakielekea mlango wa jirani. Hawakupiga hodi wala hawakutujulia hali. Mama hakusema neno. Aliinuka akafunga mlango.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama ile picha ilikuwa ya kutusaidia au ya kutuaibisha. Nilipoanza kusoma habari za Riis, kumbe swali langu lina umri wa zaidi ya miaka 130!

Riis alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji mdogo wa Ribe, nchini Denmark. Baba yake alikuwa mwalimu, na kama tujuavyo, mshahara wa mwalimu na nyumba iliyojaa watoto havipikiki chungu kimoja. Mzee huyo aliongeza kipato kwa kuandikia gazeti la pale mjini, na Jacob alikuwa akimsaidia. Kiingereza alijifunza kwa kusoma hadithi za Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza aliyependa sana kueleza taabu za maskini.

Nyota njema huonekana asubuhi. Pale Ribe palikuwa na nyumba moja chafu yenye panya, waliyoishi watu hohehahe. Jacob, akiwa na umri wa miaka kama 12 hivi, alipewa pesa za Krismasi. Badala ya kununua peremende, alizipeleka kwa familia moja ya nyumba ile, kwa sharti kwamba wasafishe makao yao. Huyo ndiye Jacob. Alipenda kusaidia watu, lakini pia alipenda kuwapangia la kufanya. Tabia hizi mbili hakuziacha mpaka kufa kwake.

Baba alitaka awe msomi, lakini kijana akachagua useremala. Halafu akapenda. Msichana aliitwa Elisabeth, naye alilelewa katika nyumba ya tajiri mwenye kiwanda. Fundi mchanga na binti wa nyumba kubwa, wapi na wapi? Posa yake ikakataliwa. Riis akafunga virago na kuvuka bahari kwenda Marekani. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 21.

Alifika New York mwezi wa Juni 1870 akiwa na dola 40 alizochangiwa na marafiki, na kidani cha dhahabu chenye unywele wa Elisabeth alichopewa na mama wa msichana huyo. Unajua alinunua nini kwanza? Bastola! Alitumia nusu ya pesa zake zote kwa sababu alidhani Marekani ni pori tupu lenye nyati na watu wakali. Askari mmoja alimwona nayo kiunoni akamshauri aiache nyumbani. Msomaji, usisahau jambo hili la bastola, maana bastola itarudi tena katika kisa hiki.

Kazi hazikuwa rahisi. Alifanya useremala, akaingia mgodini, akafyatua matofali, akalima mashamba ya watu. Kuna wakati alikosa hata senti moja, akawa analala kwenye milango ya maduka. Usiku mmoja wa mvua alikwenda kulala katika kituo cha polisi, maana siku hizo vituo vya polisi vya New York vilikuwa na vyumba vya kulaza watu wasio na makao. Alikuwa na mbwa mdogo koko aliyekuwa akimfuata kila mahali, lakini mbwa akakatazwa kuingia. Riis akalala kwenye mbao pamoja na umati wa watu. Alipoamka, kidani chake cha dhahabu kilikuwa kimeibiwa. Alipolalamika, polisi wakamgeuzia kibao wakidai kwamba yeye ndiye aliyekiiba mahali fulani. Wakamtupa nje. Yule mbwa alipoona rafiki yake anaburutwa, akamrukia askari. Maskini ya Mungu, askari akamkamata miguu na kumpigiza ngazini mpaka akafa.

Riis hakuusahau usiku ule maisha yake yote. Wengine wetu tungebaki na uchungu tu, lakini yeye aliubeba kama mtu anavyobeba mzigo akijua siku moja atautua mahali pake.

Pole pole maisha yakaanza kunyooka. Alipata kazi ya uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti dogo huko Brooklyn, kisha akalinunua kabisa. Mwaka 1876 alirudi Denmark akamwoa Elisabeth yule yule. Subira huvuta heri! Mwaka 1877 akaajiriwa na gazeti la New York Tribune kuwa mwandishi wa habari za polisi. Ofisi yake ilikuwa mtaa wa Mulberry, mkabala na makao makuu ya polisi, hatua chache tu kutoka mitaa ya maskini iliyokuwa mibaya kuliko yote mjini.

Hebu nikueleze mitaa hiyo ilivyokuwa. Wahamiaji walikuwa wakimiminika kutoka Italia, Ireland, Ujerumani, Urusi, Uchina na kwingineko. Waliingizwa katika nyumba za ghorofa zilizogawanywa vijumba vidogo, vingi vikiwa havina hata dirisha. Familia nzima ilipika, ikashona nguo za kuuza, ikauguza wagonjwa na kulala katika chumba kimoja. Kipindupindu, kifua kikuu na homa vilikuwa wageni wa kila siku. Wenye nyumba waliishi mbali na kuja kuchukua kodi tu.

Riis alizunguka huko usiku wa manane akifuatana na polisi na wakaguzi wa afya. Aliyoyaona aliyaandika gazetini. Aliandika na kuandika, lakini kwa matajiri wa mjini ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa. Walisoma, wakatikisa kichwa, wakaendelea kunywa chai. Riis akaona kwamba maneno peke yake hayatoshi. Watu ni lazima waone kwa macho yao.

Sasa tatizo likawa moja, giza! Kamera za wakati ule zilitumia vioo vilivyopakwa dawa, na vioo hivyo vilihitaji mwanga mwingi. Ndani ya chumba kisicho na dirisha hata saa sita mchana usingepata kitu. Asubuhi moja ya mwaka 1887, Riis akiwa mezani na gazeti mkononi, alisoma kwamba Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, wamegundua unga wa kumulikia picha. Inasemekana aliliweka gazeti chini pale pale. Dawa ya giza ilikuwa imepatikana.

Ninyi mnaosoma kemia mtanielewa. Katika maabara tuliwahi kuchoma utepe wa magnesiamu, na mwalimu akatuonya tusiutazame moja kwa moja. Uliwaka mweupe mkali, kisha ukabaki majivu meupe. Wale Wajerumani walichanganya unga wa magnesiamu na klorati ya potasiamu, ambayo hutoa oksijeni kwa wingi, pamoja na kemikali ya antimoni. Mchanganyiko huo ukiguswa na moto huwaka wote kwa mara moja, kufumba na kufumbua. Unapata mwanga mkubwa, mlio, halafu wingu la moshi. Ndiyo babu ya fleshi tunayoijua leo.

Riis alimwendea rafiki yake John Nagle, daktari aliyefanya kazi katika idara ya afya ya jiji, na Nagle akawaleta wapigapicha wengine wawili wa kujifurahisha, Henry Piffard na Richard Hoe Lawrence. Wakaanza kutoka usiku pamoja na askari mmoja au wawili. Na hapa ndipo bastola inaporudi. Mwanzoni unga ule ulikuwa ukiwekwa katika risasi maalumu na kufyatuliwa kwa bastola! Hebu fikiria umelala fofofo baada ya kazi ya kutwa, mlango unafunguliwa, wanaume usiowajua wanaingia, mmoja anainua bastola na kufyatua. Mwanga, kishindo, moshi. Kabla hujajua kama uko hai au umekufa, wamekwisha kutoka mbio. Si ajabu wenyeji wengi walikuwa wakirukia madirishani na kutoroka.

Riis aligundua kwamba bastola inawatisha watu mno, akaiacha. Akaanza kuwasha unga wake juu ya kikaango, naam, kikaango cha kawaida cha jikoni. Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kamera iliwekwa juu ya miguu yake mitatu gizani. Alikifunua kioo cha kamera, na kwa kuwa palikuwa na giza hapakuingia picha yoyote. Kisha aliuwasha unga kikaangoni, mwanga ukalipuka, na kwa nukta hiyo moja picha ikaingia. Halafu akafunika tena. Kosa moja tu na kioo kimeharibika.

Hatari nazo hazikukosekana. Riis mwenyewe alieleza kwamba mara mbili aliwasha nyumba moto, na mara moja alijiwasha yeye mwenyewe. Unga ulimlipukia usoni, na miwani yake ndiyo iliyomwokoa asipofuke.

Kisa kinachonisisimua zaidi ni cha chumba cha vipofu. Juu kabisa ya nyumba moja kuukuu waliishi ombaomba watano, wanaume kwa wanawake, wote hawaoni. Riis alipanda kuwapiga picha. Mwanga ulipolipuka, makaratasi na matambara yaliyoning'inia ukutani yakashika moto. Ndani walikuwa vipofu watano na yeye mmoja mwenye macho, na ngazi za kushukia zilikuwa mbovu. Wale vipofu hawakujua kinachotokea. Riis, huku akitetemeka, aliuzima moto mwenyewe kwa taabu kubwa. Aliposhuka akamweleza askari aliyekuwa barabarani, na askari akacheka sana. Alimwambia kwamba nyumba hiyo ilikuwa imeshika moto mara sita majira ya baridi yaliyopita na haikuungua, kwa sababu uchafu wa kutani ni mzito mpaka unauzima moto wenyewe! Msomaji, unaweza kucheka kama yule askari. Mimi niliposoma nilicheka kwanza, kisha nikawafikiria wale watano waliokuwa wamekaa kimya wakisikia tu harufu ya moshi.

Marafiki zake walichoka na safari za usiku. Riis akaajiri wapigapicha wa kulipwa, lakini nao hawakumfaa, na mmoja alijaribu kuziuza picha hizo bila ruhusa. Mwisho akaona heri kujitegemea. Mwezi wa Januari 1888 alinunua kamera na vifaa vyake kwa dola 25. Picha yake ya kwanza aliipiga katika kisiwa cha Hart, ambako maskini wasio na wenyewe walizikwa kwa pamoja katika handaki refu. Aliuacha mwanga ukaingia kupita kiasi, picha ikaharibika kidogo, lakini aliitumia hivyo hivyo.

Picha zake za fleshi ukiziona leo utazitambua mara moja. Watu wamemulikwa kwa ghafla, nyuso nyeupe, vivuli vyeusi ukutani nyuma yao. Ile maarufu kuliko zote aliipiga mtaa wa Bayard, katika chumba ambacho kila upande hakikufika hata futi 13. Humo walilala watu 12, kila mmoja akilipa senti tano kwa nafasi ya kujinyoosha. Katika picha wamejikunyata kwenye vitanda na sakafuni, masufuria na mabuti yamejazana kando yao, na wengine wanaitazama kamera kwa macho mazito ya usingizi. Wasichokijua ni kwamba picha hiyo itatazamwa na watu ambao hawajazaliwa bado.

Lakini si picha zake zote zilikuwa za kuvamia. Kuna ya msichana mmoja, umri wa miaka tisa, aitwaye Katie. Mama yao alifariki, baba akaoa mke mwingine, na watoto wakahama wakaishi peke yao. Kaka zake wawili na dada yake walikwenda kiwandani, na Katie akawa ndiye anayefagia, kupika na kusugua sakafu. Riis alimkuta katika shule ya watoto maskini. Alimuuliza anafanya kazi gani, akajibu kwamba yeye husugua. Akamwomba asimame apigwe picha. Katie akainuka, akasimama wima karibu na ukuta, hakuuliza swali wala hakutabasamu. Amefumbata mikono yake na anakutazama usoni. Wale wa mtaa wa Bayard sisi tunawaona tu, lakini Katie naye anatuona.

Riis alizigeuza picha zake kuwa za kuonyeshwa ukutani kwa taa maalumu, akaenda kanisa hadi kanisa na ukumbi hadi ukumbi akihutubia. Inasimuliwa kwamba watu walilia. Mwaka 1890 alitoa kitabu kiitwacho How the Other Half Lives. Baadhi ya picha zilichapishwa zenyewe, na nyingine zilinakiliwa kwa kuchorwa. Kitabu kikavuma kama upepo wa masika.

Msomaji wake mmoja alikuwa Theodore Roosevelt. Alikwenda ofisini kwa Riis, akamkosa, akaacha ujumbe kwamba amekisoma kitabu na amekuja kusaidia. Mwaka 1895 Roosevelt akawa mkuu wa bodi ya polisi ya New York. Wawili hao wakawa wakizunguka mitaani pamoja usiku. Riis akampeleka katika kile kituo alicholala akiwa kijana na kumsimulia habari za kidani na mbwa. Mwaka 1896 vyumba vile vya kulaza watu katika vituo vya polisi vikafungwa vyote. Mzigo aliokuwa ameubeba kwa miaka 26 akautua hapo. Baadaye Roosevelt huyo huyo alikuwa Rais wa Marekani.

Si hayo tu. Mwaka 1891 Riis alifuata mito inayoleta maji mjini akapiga picha za uchafu uliokuwa ukimwagwa ndani yake, na jiji likalazimika kununua ardhi ya kulinda maji hayo. Kona mbaya kuliko zote ya mtaa wa Mulberry ilibomolewa, na mwaka 1897 ikafunguliwa bustani ya umma mahali pale. Watoto waliokuwa wakicheza kwenye matope wakapata nyasi.

Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hivyo si vyema nimsifu tu. Riis alikuwa na makosa yake. Katika kitabu chake aliwasema vibaya Wachina, Wayahudi, Waitalia na wengine, kana kwamba tabia ya mtu inatokana na kabila lake. Sisi Wakenya tunajua vizuri maneno kama hayo huzaa nini. Tena wengi wa watu aliowapiga picha usiku hakuwataka ruhusa, na majina yao hatuyajui. Yeye mwenyewe aliwahi kulala pale chini walipolala wao, lakini alipopanda, mara nyingine alisahau namna mtu aliye chini anavyojisikia akimulikwa.

Elisabeth alifariki mwaka 1905, na miaka miwili baadaye Riis akaoa tena. Yeye mwenyewe aliaga dunia tarehe 26 Mei 1914 katika shamba lake huko Massachusetts. Vioo vya picha zake vilisahauliwa kwenye dari ya nyumba yake ya zamani mpaka mwaka 1946, mpigapicha mwenzake Alexander Alland alipowahimiza jamaa zake wavitafute. Vilipatikana, vikapewa jumba la makumbusho la jiji la New York, na mwaka 1947 vikaonyeshwa. Hivyo mwanga wa kikaango ukawaka mara ya pili.

Mpenzi msomaji, sasa nirudi kwa swali langu. Je, picha ya maskini ni msaada au ni aibu? Nikiangalia maisha ya Riis, naona inaweza kuwa yote mawili kwa wakati mmoja. Bila fleshi yake ile mitaa ingebaki gizani na hakuna ambaye angejali. Lakini mwanga ukiingia bila hodi, unamwacha mwenye nyumba amefumba macho. Siku hizi kila mwenye simu anatembea na kamera na taa mfukoni, kwa hivyo jambo hili si la Riis peke yake tena, ni letu sote.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea mama insha hii, yeye akichambua mboga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza huyo bwana alikuwa akipiga hodi au la. Nikamwambia usiku hakupiga, lakini kwa Katie aliomba. Mama akafikiri kidogo, akasema basi angeanzia hapo kwa Katie. Halafu akaniambia niongeze makaa kwenye jiko.

Nami naiweka kalamu chini hapo. Mungu ailaze roho ya Jacob Riis mahali pema, pamoja na wale wote waliolala mtaa wa Bayard kwa senti tano.